Watunzi Waliohakikiana: Shaaban Robert, Kezilahabi na Uhakiki wa Riwaya ya Kiswahili

Mwaka 1976 Euphrase Kezilahabi, kijana wa miaka 32 kutoka Namagondo, Ukerewe, alikamilisha tasnifu yake ya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliiita Shaaban Robert: Mwandishi wa Riwaya. Kufikia wakati huo yeye mwenyewe alikuwa na riwaya tatu mikononi mwa wasomaji: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Alikuwa pia na diwani ya Kichomi, ambayo mashairi yake yasiyofuata vina na mizani yalikuwa yamewatia hasira watetezi wa ushairi wa jadi. Mtunzi anayesomwa na kubishaniwa nchi nzima aliketi akamsoma mtunzi aliyemtangulia, kitabu baada ya kitabu, kwa jicho la mtaalamu.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika nchi zenye vyuo vikuu vya karne nyingi, mtunzi huandika na profesa huja baadaye kupima. Riwaya ya Kiswahili haikukua hivyo. Wengi walioihakiki kwa undani walikuwa wakiiandika au wakiandika tamthilia na mashairi: Farouk Topan, F.E.M.K. Senkoro, Mugyabuso Mulokozi, Said Ahmed Mohamed, K.W. Wamitila, na Kezilahabi katikati yao. Kila kizazi kiliwasoma waliotangulia, kikakosoa, kisha kikaandika kwa namna ambayo isingewezekana bila usomaji ule. Ninaamini kwamba asiyeijua historia hii ya usomaji hawezi kueleza kwa nini riwaya yetu ilitoka katika nchi inayoelea angani ya Kusadikika ya Shaaban Robert ikafika katika njozi za Nagona ya Kezilahabi kwa muda wa miaka 40 hivi.

Shaaban Robert alizaliwa Januari 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akaajiriwa na serikali ya kikoloni kama karani na kuhamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Aliandika katika zama ambazo msomaji mwenye mamlaka juu ya kitabu cha Kiswahili alikuwa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Kamati ilikuwa na kazi ya kusanifisha lugha, na vitabu vilivyotaka kuingia shuleni vilipita mbele yake ili vipewe ithibati. Swali la kwanza ambalo hadithi iliulizwa, kwa hiyo, lilihusu usanifu wa lugha yake: tahajia, upatanisho, uchaguzi wa maneno. Swali la nini kinasemwa, na kwa ustadi gani, lilikuja nyuma sana.

Wataalamu wa Ulaya waliokipenda Kiswahili kwa dhati walikuwa wameelekeza macho kwingine. Lyndon Harries alichapisha Swahili Poetry mwaka 1962, na J.W.T. Allen akatoa Tendi mwaka 1971 baada ya kazi ndefu ya kukusanya hati za kale. Tuna deni kwao, maana bila juhudi zile maandishi mengi ya Lamu, Pate na Mombasa yangeliwa na mchwa. Lakini kwa macho ya wengi wao fahari ya lugha hii ilikuwa utenzi ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu. Hadithi ya nathari iliyoandikwa na karani aliye hai, kwa hati ya Kirumi, ilionekana kuwa kitabu cha shule.

Ndipo Kusadikika ilipotokea, ikichapwa na Nelson mwaka 1951. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kuanzisha uanasheria katika nchi isiyotaka kusikia neno hilo. Mshtaki wake ni Majivuno, waziri mkuu. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu kuleta maarifa, ambao kila mmoja aliporudi alilipwa kifungo. Kitabu kizima ni kesi, na mashahidi wake ni hadithi ndani ya hadithi. Wakoloni waliokuwa wakitawala Tanganyika walikisoma, kikapita. Kwa nini kilipita ni swali ambalo wahakiki wamelirudia tangu hapo, na jibu linalokubalika zaidi ni kwamba nchi isiyo na mahali duniani haiwezi kumshtaki mtawala yeyote kwa jina lake. Majina ya wahusika, yaliyobeba tabia zao waziwazi, yaliwafanya watu waione kazi hiyo kama ngano ya maadili.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya uhuru. Lakini vitabu vyake viliendelea kutoka. Kufikirika, aliyoiandika katika miaka ya 1940, ilichapishwa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilifuata 1968. Hali hiyo iliwaweka wasomaji wa taifa jipya katika nafasi ya pekee, maana walikuwa wakipokea vitabu vipya vya mtu aliyekwisha kuzikwa, vilivyoandikwa chini ya utawala uliokwisha kuondoka, wakati ambao Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limekwisha kutangaza njia ya Ujamaa. Kila kitabu kilifika kikiwa kimechelewa kwa swali lililoulizwa wakati huo.

Mahali pa kuliulizia swali hilo palikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Farouk Topan, Mzanzibari aliyesomea London, alifundisha fasihi ya Kiswahili pale kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na alifundisha kwa Kiswahili. Leo hatuoni ajabu. Wakati ule ilibidi mwalimu na wanafunzi wake watafute namna ya kuzungumzia muundo, mtindo, mhusika na dhamira bila kukimbilia Kiingereza katikati ya sentensi. Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ilianzishwa. Mwaka 1971 Topan alihariri Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, mkusanyo wa insha ulioonyesha kwamba kazi ya Kiswahili inaweza kuchambuliwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na juzuu ya pili ikafuata 1977. Mwaka huohuo wa 1971 alitoa tamthilia yake Mfalme Juha, na miaka miwili baadaye Aliyeonja Pepo. Aliyekuwa akiwafundisha vijana kuhakiki alikuwa akijiweka mwenyewe mezani ahakikiwe.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa na majarida mawili, Kiswahili na Mulika. Jarida la Mulika, ambalo lilimlenga msomaji wa kawaida zaidi, ninalionea wivu. Mwalimu wa sekondari Songea au Bukoba aliweza kukuta humo makala juu ya kitabu alichokuwa akikifundisha wiki hiyo, iliyoandikwa na mtaalamu kwa lugha ambayo wanafunzi wangeielewa. Tangu hapo uhakiki wetu umepanda vyeo na umejaa istilahi, lakini sidhani kama umewahi kuwa karibu na darasa kuliko ulivyokuwa miaka ile.

Mwaka 1975 T.S.Y. Sengo alitoa Shaaban Robert: Uhakiki wa Maandishi Yake, kitabu kizima juu ya mtunzi mmoja. Mwaka huohuo Mulokozi, aliyekuwa kijana bado, aliilinganisha Siku ya Watenzi Wote na News from Nowhere ya William Morris, Mwingereza aliyeota nchi ya kijamaa mwaka 1890. Ulinganisho huo ulikuwa na makusudi. Vijana wa Dar es Salaam walikuwa wamemsoma Marx, na walitaka kujua kama ndoto ya Shaaban Robert ya jamii bora ilikuwa na miguu ya kusimamia. Morris alieleza mapambano yaliyoizaa jamii yake mpya. Shaaban Robert alitegemea wema wa watu na busara ya viongozi.

Hukumu iliyotoka katika mijadala ile ilikuwa kwamba Shaaban Robert ni mdhanifu. Anaona dhuluma, anaiita kwa jina lake, kisha anamwachia mfalme atubu. Karama anashinda kwa hoja. Wafungwa wanafunguliwa kwa sababu mfalme ameguswa. Watawala, walisema wahakiki, hawaachii madaraka kwa kuhutubiwa.

Nadhani walikuwa na haki kwa nusu. Ni kweli kwamba katika riwaya zake nguvu ya kubadilisha jamii imo katika dhamiri ya mtu mmoja mmoja, na umma hauonekani ila kama wasikilizaji. Lakini walimsoma kana kwamba alikuwa na uhuru wao. Walikuwa na mishahara ya chuo kikuu cha taifa huru na majarida ya kuchapisha makala. Yeye alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, mwenye familia, aliyeandika usiku. Mwaka 2002 Mulokozi huyohuyo alihariri Barua za Shaaban Robert 1931-1958, barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kwa miaka 27, na kitabu hicho kilibadilisha namna ya kumsoma. Nyuma ya mwanafalsafa wa Kusadikika alionekana mtumishi Mwafrika akiishi ndani ya mipaka aliyowekewa, akipima anachoweza kusema na asichoweza. Ninaiheshimu sana kazi ile. Mhakiki aliyekuwa mkali ujanani alitumia utu uzima wake kuwapa wasomaji ushahidi wa kumwelewa vizuri zaidi mtu aliyemkosoa.

Turudi kwa Kezilahabi, maana tasnifu yake ya 1976 iliandikwa katikati ya joto hili. Alikuwa na sababu zake za kuuliza Shaaban Robert ni mwandishi wa riwaya wa namna gani. Umma ulimjua mzee yule kwanza kama mshairi, na wahakiki walibishana iwapo Kusadikika na Kufikirika ni riwaya, ngano ndefu, au istiari za kisiasa. Zaidi ya hayo, Kezilahabi alikuwa ameandika vitabu vilivyokwenda kinyume karibu katika kila jambo. Badala ya nchi zisizo na ramani, aliweka Ukerewe yenye ziwa, mihogo na pombe. Badala ya majina ya sifa, aliwapa watu majina ya ubatizo na ya ukoo. Wema katika vitabu vyake hauwi ngao.

Rosa Mistika ndiyo iliyoanzisha kishindo. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi anayempiga mkewe Regina na kuwalinda mabinti zake kwa ukali uliopita kiasi. Msichana aliyenyimwa kuyajua maisha anatoka nyumbani akiwa hana silaha yoyote, anaharibiwa na wanaume, wakiwamo wenye dhamana ya kumlea, na mwisho anajitoa uhai. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya kuzungumzia ngono waziwazi. Baadaye kiliruhusiwa, kikawa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana na wanafunzi wa sekondari. Ninaona fahari kwamba wahakiki wa chuo kikuu hawakuungana na waliokifungia. Waliuliza swali lililostahili: nani alimwangusha Rosa, na je, nyumba yenye kumficha binti dunia inamlinda au inamwandalia shimo? Swali hilo walilipata ndani ya riwaya yenyewe, na lilikuwa na manufaa kwa wazazi wa Kitanzania kuliko orodha yoyote ya maneno machafu.

Kichwamaji ilikuwa mtihani mgumu zaidi. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarudi kijijini na kukuta kwamba elimu imemtenga na wazee wake pasipo kumpa imani nyingine ya kuishikilia. Dada yake anaharibiwa na Manase, msomi mwenzake. Kazimoto anamwoa Sabina, dada yake Manase, mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida na haishi, Kazimoto anajiua. Wahakiki wengi walifika haraka kwenye neno udhanaishi, wakawataja Camus na Sartre. Wengine wakauliza iwapo kukata tamaa kwa Paris baada ya vita kunaweza kuwa na nafasi Ukerewe.

Katika ubishi huu pande zote mbili zilinisumbua niliposoma, kwa sababu zote zilianza na Ulaya. Mmoja alisema Kezilahabi amejifunza kwa Camus, mwingine akasema hakupaswa. Lakini kilichomvunja Kazimoto kimeelezwa ukurasa kwa ukurasa, na kiko nyumbani: shule iliyomtoa mtoto katika mikono ya babu zake na kumfundisha kuwadharau, ugonjwa wa zinaa uliobebwa na msomi kutoka mjini hadi kitandani mwa binti wa kijijini, baba anayemtazama mwanawe aliyesoma na asiweze kuzungumza naye. Kezilahabi alikuwa amepitia seminari ya Kikatoliki kabla ya chuo kikuu. Alijua kutokea ndani jinsi imani moja inavyong'olewa na nyingine kupandwa juu ya udongo usiopoa.

Kisha ikaja siasa. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, Tumaini anajitajirisha kwa kilimo, Ujamaa unakuja kuichukua mali yake, naye anamuua mkuu wa wilaya na kunyongwa. Gamba la Nyoka (1979) inaeleza uanzishaji wa vijiji vya Ujamaa na watu waliohamishwa kwa nguvu. Rajmund Ohly, Mpolandi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, aliisoma nathari yote ya miaka ile, zikiwamo riwaya za mapenzi na uhalifu zilizouzwa mitaani, na mwaka 1981 akatoa kitabu kwa jina la Aggressive Prose. Jina hilo lilisema aliyoyaona: nathari ya miaka ya 1970 ilikuwa na ghadhabu, ikishambulia miji, wakubwa na ahadi zisizotimizwa.

Wahakiki wa mrengo wa kushoto walimlaumu Kezilahabi kwa kukosa matumaini. Wahusika wake, walisema, wanakufa kabla ya kuungana. Tatizo la jamii linaishia kwa mtu mmoja kujiua au kunyongwa. Ni lawama ileile waliyompa Shaaban Robert, imegeuzwa upande: mzee aliamini mno katika mtu mwema, kijana haamini mtu yeyote. Wote wawili walikosa tabaka linalopigana. Katika hili naona udhaifu wa uhakiki wa zama zile. Ulikuwa na kipimo kimoja, na kila mtunzi aliyepimwa nacho alionekana mfupi. Kezilahabi alijibu kwa tamthilia ya Kaptula la Marx, aliyoiandika mwishoni mwa miaka ya 1970, kejeli ya viongozi wanaovaa itikadi isiyowaenea. Haikuchapishwa hadi 1999.

Nasimama kidogo Ukerewe, kwa sababu kisiwa hicho kina mtunzi mwingine ambaye wasomi hawakujua wamweke wapi. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, alikamilisha mwaka 1945 hadithi ndefu sana kwa Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Wengi walioishughulikia waliisoma kama ghala la mila: jinsi ya kutega samaki, kupika pombe, kuposa na kuzika. Hivyo mtu aliyebuni ndoa ya wahusika wawili kwa upole ambao riwaya yetu haijaurudia mara nyingi akageuzwa kuwa mtoa habari za kabila lake. Aliyemrudishia heshima ya utunzi kwa wasomaji wa Kiingereza ni Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe na mwanariwaya, ambaye tafsiri yake ilitoka 2002. Ruhumbika alikuwa ameanza kwa kuandika riwaya ya Kiingereza, Village in Uhuru, mwaka 1969, kisha akahamia Kiswahili. Kwa mara nyingine, aliyemtambua mtunzi alikuwa mtunzi.

Kezilahabi alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, na mwaka 1985 akakamilisha tasnifu ya uzamivu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Hapo ndipo alipougeukia uhakiki wenyewe na kuuweka kizimbani. Aliona kwamba nadharia tunazotumia kusomea kazi za Kiafrika zimebeba ndani yake mawazo fulani juu ya ukweli, juu ya lugha na juu ya mtu anayejua na kitu kinachojulikana, na kwamba mawazo hayo si safi kama yanavyojionyesha. Kuyachukua Umarx, umuundo au udhanaishi na kuyatandaza juu ya hadithi ya Kikerewe ni kuamua majibu kabla ya kusoma. Alitafuta namna ya kusoma inayoanza na kuwa kwa mtu duniani kabla ya kumgawa katika vipande vya kuchunguzwa. Ninapoisoma kazi ile naona mtu aliyechoshwa na mjadala wa miaka 15 juu ya vitabu vyake, anayetaka kuusogeza mahali pengine kabisa.

Alirudi Dar es Salaam na kuandika Nagona na Mzingile, vitabu viwili vyembamba vilivyowafikia wasomaji kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa 1990. Wasomaji wa Rosa Mistika walivifungua wakapotea. Hakuna Ukerewe, hakuna Zakaria. Kuna mtu anayetembea katika nchi iliyokauka, akitafuta kitu kinachomkimbia. Kuna wafu wanaozungumza, na miongoni mwao wanafalsafa wa Ulaya waliokwisha kuwa mizimu. Katika Mzingile dunia imeangamia, na anabaki mtu wa kuanza upya. Nadhani ni sehemu ya pili ya tasnifu ya Madison, iliyoandikwa kwa njia ambayo tasnifu hairuhusu. Kile alichokisema kwa hoja kwa Kiingereza, alikitenda kwa Kiswahili ndani ya hadithi.

Wataalamu waliitikia kwa bidii. Wamitila aliandika mapema, mwaka 1991, juu ya metafizikia ya vitabu hivyo viwili. Mikhail Gromov, Mrusi aliyekuja kufundisha Nairobi, aliuliza mwaka 1998 katika kichwa cha makala yake iwapo ni riwaya, ngano au fumbo. Swali la Gromov ni lilelile lililoulizwa juu ya Kusadikika. Aliyeandika tasnifu kutafuta Shaaban Robert ni mwandishi wa riwaya wa namna gani sasa aliulizwa yeye. Na kweli, ukiziweka Kusadikika na Nagona kando kwa kando, unaona kwamba baada ya kuzunguka kote katika uhalisia, Kezilahabi alirudi kwenye nchi isiyo na ramani. Alilichukua umbo la mzee, akaacha faraja yake.

Wakati huo uhakiki wa riwaya ya Kiswahili ulikuwa umeshapata makao mengi. Elena Bertoncini, aliyefundisha Naples, alitoa mwaka 1989 muhtasari mkubwa wa nathari na tamthilia ya Kiswahili, kitabu ambacho kila mtafiti wa nje huanza nacho. Toleo la pili la 2009 aliliandika pamoja na watu watatu: Gromov, Said Khamis na Wamitila. Wawili wa mwisho ni wanariwaya. Said Khamis ndiye Said Ahmed Mohamed, mtunzi wa Asali Chungu, Utengano na Dunia Mti Mkavu, aliyekuwa profesa Bayreuth, Ujerumani. Kwa jina moja aliandika riwaya, kwa jina jingine akaandika uhakiki, ikiwamo makala ya 2001 iliyoonyesha jinsi Kusadikika inavyosimama juu ya misingi ya usimulizi wa kale. Kule Ufaransa Xavier Garnier alitoa Le roman swahili mwaka 2006, akitetea kwamba riwaya hii isomwe kama mkondo unaojitegemea wenye maswali yake.

Na watunzi wakaendelea kujibu kwa vitabu. Said Ahmed Mohamed, aliyeanza na uhalisia mkali juu ya Zanzibar, alitoa Babu Alipofufuka (2001) na Dunia Yao (2006), ambamo wafu na ndoto vinaingia bila kubisha hodi. Wamitila alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002, ambamo msafiri anazunguka mabara akimtafuta P.P., nguvu inayoitesa dunia ya utandawazi. Mwaka huohuo alitoa Uhakiki wa Fasihi: Misingi na Vipengele Vyake, na mwaka uliofuata Kamusi ya Fasihi. Sioni jinsi Bina-Adamu! ingeandikwa na mtu ambaye hakuwa amekaa miaka kumi na Nagona mkononi.

Lakini kuna sehemu ya historia hii inayoniuma. Sehemu kubwa ya mjadala juu ya Nagona ilifanyika kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, katika majarida ya Ulaya. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayeisoma riwaya ya Kiswahili kwa ajili ya mtihani hakutani na mjadala huo. Anakutana na mwongozo: kijitabu kinachokata kazi vipande viwili, fani upande huu na maudhui upande ule, kisha kinaorodhesha dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, na kufaulu na kutofaulu kwake. Mgawanyo huo ulikuwa na kazi yake njema miaka ya 1970, ulipomsaidia mwalimu asiye na kitabu kingine kuanza mahali fulani. Siku hizi umekuwa ukuta. Huwezi kuikata Nagona namna ile, maana ugumu wake ndio unaosema. Ukishauondoa ili upate ujumbe, umebaki na sentensi ambayo Kezilahabi angeweza kuiandika kwenye postikadi.

Kezilahabi alihamia Chuo Kikuu cha Botswana mwaka 1995 na kufundisha huko kwa miaka mingi. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Mashairi yake teule yalikwisha kutoka kwa Kiingereza mwaka 2015 katika tafsiri ya Annmarie Drury, na Rosa Mistika ikafuata 2025, miaka zaidi ya 50 tangu ilipofungiwa shuleni. Wageni wanamfikia.

Kinachohitajika sasa ni tafsiri inayokwenda upande wa pili. Tasnifu ya 1985 iliandikwa kwa Kiingereza na mtu aliyetumia maisha yake kuthibitisha kwamba Kiswahili kinabeba fikra yoyote ile. Ningeitaka kwa Kiswahili, ikiwa kitabu cha bei ya mwanafunzi, kifungwe pamoja na tasnifu ya 1976 juu ya Shaaban Robert, na kifike katika maktaba za shule ambako miongozo imejaa rafu nzima. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inao wataalamu wa kuifanya kazi hiyo.